Minyaa ya Guku Masanja

Asubuhi hii jirani yangu hapa Kihesa alikuwa anapunguza ua wake wa minyaa. Alivaa miwani ya jua na kofia ya pikipiki, maana utomvu wa mnyaa ukikuingia jichoni utaimba pambio hata kama hujaokoka. Mimi nilikuwa jikoni, dirisha wazi, chai iko motoni. Harufu ikaingia. Ni harufu chungu, mbichi, inayokwama kooni, na sijawahi kumsikia mtu akiisifia. Watu wengine utoto wao unanukia maandazi. Wa kwangu unanukia utomvu unaopofusha macho. Nilizima jiko, nikakaa kwenye kigoda, nikaiacha chai ipoe.

Nianze na tulikotoka, ndipo utakapoielewa hasira yangu. Guku, ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita babu, alihama Kwimba na ng'ombe wake kabla Baba hajaoa, akaswaga miezi mingi hadi uwanda wa Usangu. Alipopata mahali penye majani na maji alifanya kile ambacho kwetu hufanywa kabla hata nyumba haijasimama. Alikata fimbo za mnyaa, akazichomeka ardhini kuzunguka mahali alipotaka pawe kwake. Duara kubwa la mji wake, na ndani yake duara dogo la zizi. Mnyaa haubembelezwi. Unaukata, unauchomeka, unaenda zako. Baada ya mwaka mmoja au miwili mbuzi hapiti, na baada ya miaka mitano hata fisi anafikiria mara mbili. Mahali pale pakaitwa kwa Masanja, kwa jina lake, na ndipo nilipozaliwa.

Guku alifariki nikiwa na miaka minne. Alizikwa ndani ya zizi, kama wakubwa wa kaya walivyozikwa kwetu tangu zamani, ili ng'ombe wake wapite juu yake wakitoka na kuingia. Bibi alikuwa anasema kwamba aliyelala chini ya kwato halali peke yake. Hapakuwekwa msalaba wala saruji. Ukitaka kujua Guku yuko wapi, unatafuta zizi. Na ukitaka kujua zizi liko wapi, unatafuta minyaa.

Kisha likaja tangazo kwamba eneo lile limeingizwa ndani ya mipaka ya hifadhi. Jina la hifadhi silitaji, na sikukaa hapa kugombana na bango lake. Walisema ng'ombe wetu wanakausha mto. Sikatai kwamba ng'ombe wanakunywa maji. Nakumbuka vumbi, nakumbuka Bibi akifunga sufuria kwa khanga, nakumbuka Baba akihesabu ng'ombe mara tatu na kila mara akipata hesabu tofauti. Tulihamia pembeni ya Chimala. Ng'ombe waliobaki wakauzwa mmoja mmoja, na Baba, mtoto wa mfugaji, akajifunza kusimama kwenye jaruba la mpunga maji yakimfika magotini, mgongo umepinda, kimya.

Bibi hakuhama kabisa. Mwili wake ulikuwa Chimala, lakini siku za gulio alikwenda kwa akina mama waliouza kambare wakavu kutoka upande wa Ihefu, kinamasi cha Usangu. Wenzake waliuliza bei. Yeye aliuliza, "Huko mlikopita mmeona minyaa?" Waliomzoea walimjibu, "Ipo, bibi, tunaambiwa na wavuvi, imesimama." Alishukuru na kuondoka bila kununua hata mkia. Nilikuwa naona aibu mpaka nataka kujificha chini ya meza ya samaki.

Nikiwa darasa la sita shule yetu ikatangaza safari. Siku moja tu: asubuhi maporomoko ya maji chini ya milima ya Kipengere, mchana hifadhini kuona wanyama, jioni nyumbani. Darasa zima lilipiga vigelegele. Shuleni nilikuwa nikiitwa Mtoto wa Ng'ombe, na nilikuwa nimeshapigana mara mbili kwa jina hilo, nikishinda moja. Siku ile hakuna aliyeniita hivyo, kila mtu aliwaza tembo.

Baba aliikataa fomu ya ruhusa. Hakupiga kelele, aliirudisha tu mezani na kutoka nje. Bibi ndiye aliyeichukua, akatia kidole gumba kwenye masizi ya sufuria, akakibandika pale palipoandikwa sahihi ya mzazi. Kisha akanifungia unga kidogo wa mtama kwenye kipande cha khanga. Aliniambia kwa Kisukuma, na hapa nakutafsiria: "Ukiiona minyaa, tupa unga huu na umwamkie Guku wako. Halafu ukae kimya. Usimwambie mtu." Niliitikia. Mtoto huitikia kila kitu akiwa anataka kwenda safari.

Maporomoko yalikuwa mazuri, sitakudanganya. Maji yalidondoka kutoka juu sana, yakawa moshi kabla ya kufika chini, na baridi yake ilinifanya nicheke bila sababu. Jirani yangu wa dawati, Atupele, Mnyakyusa mwenye sauti ya kuongoza kwaya, aliingiza mguu majini na kiatu kikaondoka na mkondo kikielekea Usangu kabla yetu. Alilia, kisha akacheka, kisha akavaa kimoja siku nzima kwa maringo. Tulikula wali na maharage juu ya mawe, na Mwalimu Mgaya, aliyekuwa mwalimu wetu wa darasa, akatuambia tuandike kila tunachokiona, maana kutakuwa na insha.

Hifadhini alitupokea mwongoza wageni, kijana mcheshi wa sare ya kijani aliyesema tumwite Kaka Fredi. Sikumchukia, na hata leo simchukii. Alijua jina la kila ndege, na alitembea na tabasamu mdomoni saa zote. Tuliona swala, pofu, twiga wawili waliotutazama kwa dharau. Tuliona kundi la nyati na wenzangu wakakanyagana madirishani, mimi nikabaki kwenye kiti. Kwangu nyati ni ng'ombe aliyekosa mwenyewe.

Kadiri basi lilivyokwenda, nilianza kuijua nchi. Sikuijua kwa macho, kwa sababu uwanda hauna kilima wala kona. Niliijua kwa jinsi udongo mweusi ulivyopasuka na jinsi upepo ulivyoingia ukiwa na harufu ya tope la mbali. Kaka Fredi akasimama mbele, kipaza sauti mkononi, akasema: "Wadogo zangu, nchi hii mnaiona kama Mungu alivyoiacha. Hapa, tangu kuumbwa kwa dunia, hajawahi kuishi mtu."

Niliuminya ule unga mkononi. Usiseme, Bibi alisema. Sikusema.

"Na sasa," akaendelea, "tunafika kwenye maajabu ya hifadhi yetu." Basi likasimama. Palikuwa na kibao kimechorwa vizuri kwa rangi ya njano: DUARA LA AJABU. Nyuma ya kibao ilisimama minyaa.

Ilikuwa imekua mirefu kuliko nilivyoikumbuka, imenenepa, imefungamana, ya kijani wakati nyasi zote zilikuwa zimekauka. Tuliruhusiwa kushuka. Kaka Fredi akaeleza kwamba miti ile imeota kwa duara kamili bila mkono wa mtu. Wako wanaosema radi ilipiga ardhi. Lakini wataalamu, alisema, wanaamini ni ndege: walikaa kwa duara kuzunguka mahali penye chumvi, wakadondosha mavi yenye mbegu, na miti ikaota walipokaa. Tembo huzunguka hapa na hawaingii. Wageni wanatoka mbali kupiga picha. Wenzangu wakasema "Aaaa!" Mwalimu Mgaya akaandika kwenye daftari lake.

Mimi nilikuwa natazama pengo upande wa machweo. Pengo la upana wa ng'ombe wawili. Lango letu. Ndani yake, kando, nusu limezama udongoni, lilikuwa jiwe la kusagia la Bibi, lenye bonde katikati ambamo nilikuwa nikikaa nikiwa mdogo na kufukuzwa kwa mwiko. Jiwe lile Bibi alililia siku ya kuondoka kwa sababu lilikuwa zito mno kubebwa.

Ndugu yangu msomaji, radi ningeivumilia. Radi ina heshima yake. Lakini mavi ya ndege! Guku wangu aliyetembea kutoka Kwimba hadi Usangu, akachomeka fimbo moja moja kwa mikono yake, leo kazi yake anapewa ndege aliyeharisha! Hasira ilinipanda kutoka miguuni. Nilisikia sauti yangu kabla sijaamua kusema.

"Siyo ndege. Ni Guku wangu."

Watoto wakacheka. Kaka Fredi naye akacheka, kwa upole, akainama: "Mdogo wangu, hapa ni hifadhi. Umechanganya na kwenu."

"Hapa ndipo kwetu."

"Kabula," Mwalimu Mgaya akaita, "nyamaza."

"We Kabula, acha bwana," Atupele akanivuta sketi, "utatuletea balaa."

Ningeweza kuacha. Nilikuwa nimeshasema, nao walikuwa wameshacheka, mambo yangeishia hapo. Lakini mimi tangu kuzaliwa nikishafungua mlango siwezi kuufunga kabla sijaingia. Nilivunja kijiti cha mnyaa, utomvu ukachuruzika mweupe, nikakishika juu wakione wote. Nikawaambia kwamba kwetu hakuna mtu anayesubiri mbegu ya mnyaa. Unakata fimbo na kuchomeka, na ndege hana panga. Nikawaingiza langoni, na cha ajabu walinifuata, hata Kaka Fredi. Hapa jiko la Bibi. Hapa jiwe lake la kusagia, litazameni, au nalo ni mavi ya ndege? Hapa alilala Baba kabla hajaoa. Na lile duara dogo ni zizi, na mle ndani kalala mwenye mji, Masanja.

Kicheko kiliisha. Nilifungua khanga, nikatupa unga wa mtama kwenye mlango wa zizi, nikapiga goti kama Bibi alivyonifundisha. "Mwadila, Guku," nikamwamkia, maana ilikuwa mchana. Atupele, kiatu kimoja mguuni, alipiga goti pembeni yangu. Hakujua Kisukuma hata neno moja, akaamkia kwa Kinyakyusa.

Kaka Fredi hakubishana tena. Alizunguka lile jiwe mara mbili, akaniuliza jina la babu yangu na mwaka tuliohama, akaandika kwenye daftari lake dogo. Niliona anaandika nikafurahi. Nilijisemea moyoni: sasa wanatuandika. Nilirudi Chimala nimekaa kiti cha mbele, kichwa juu, sina mpinzani.

Shuleni nilipokelewa na adhabu. Nilikuwa nimeiaibisha shule mbele ya wenyeji wetu, nikaamriwa kuandika barua ya kuomba radhi. Niliandika: "Naomba radhi kwa kupaza sauti. Lakini minyaa ni yetu." Mwalimu Mgaya aliichana. Niliandika nyingine, kwa mwandiko mzuri zaidi, maneno yale yale. Akaichana. Ya tatu hakuichana, aliisoma kwa muda mrefu, akaitia kwenye droo na kunituma kumwagilia miche ya shule wiki mbili. Miche ile ilistawi kuliko miche yoyote katika historia ya shule ile.

Baba aliitwa. Alisimama ofisini na kofia mkononi, akasema ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu. Njiani hakuniangalia. "Kabula, funika kombe mwanaharamu apite," aliniambia. "Kwa nini ulisema?" Nikamjibu kwamba mkataa kwao mtumwa. Mtoto wa darasa la sita, namjibu baba yangu kwa methali, barabarani! Alinyanyua mkono, akaushusha. Nilimwona mwoga. Nakiri, miaka mingi nilimwona baba yangu mwoga.

Bibi aliniuliza jambo moja tu. "Ulimwamkia?" Nikasema ndiyo. Sikumwambia mengine, lakini Chimala si mahali pa kuficha habari, na nadhani alishazisikia kabla basi halijazima injini.

Kiangazi kile kile, siku ya gulio, nilimsindikiza Bibi kwa akina mama wa kambare. Kabla hajauliza, mmoja wao aliinuka na kumshika mkono. "Bibi, ile minyaa wameikata," alisema. "Wameng'oa na mizizi, wakachoma. Mume wangu kaambiwa na vibarua waliofanya kazi yenyewe. Wamesema imegundulika ilipandwa na watu, na hifadhini hakutakiwi kitu kilichopandwa na watu. Hata kibao wamekitoa."

Bibi alishukuru, kama kawaida yake. Siku ile alinunua samaki. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Ilipokuwa kazi ya ndege, waliiwekea kibao cha njano na kuileta dunia nzima ije kuipiga picha. Nilipowaambia ina mwenyewe, wakaleta mapanga. Nililala njaa. Nilijua kwamba mkono ulioikata ulikuwa wa kibarua, lakini panga lilitoka mdomoni mwangu. Baba aliposema, "Umeona? Mdomo uliponza kichwa," sikuwa na methali ya kumrudishia.

Jioni nilimfuata Bibi uani, alikuwa anachambua mawe kwenye mchele. Nilimwambia yote, kuanzia mavi ya ndege mpaka daftari la Kaka Fredi, nikilia, nikisema nipige, Bibi, ulinikataza. Alisikiliza hadi mwisho bila kuinua macho kwenye ungo. Kisha akasema maneno haya, na ninayakumbuka moja baada ya jingine:

"Mtu hakati mti wa ndege. Wameikata kwa sababu wamejua ni yetu. Mpaka juzi tulikuwa mavi, leo wamekiri kuwa tulikuwa watu. Nani amewalazimisha kukiri? Ni wewe. Futa kamasi."

Nilifuta kamasi. Ndugu yangu, kifua changu kilifunguka. Nililala nikiwa mshindi, na asubuhi nilimsimulia Atupele jinsi tulivyowashinda, na kwa miaka mingi nilitembea na maneno yale ya Bibi. Nilibishana nayo sekondari. Nilibishana nayo chuoni. Sasa mimi ni mwalimu wa jiografia, na mwanafunzi akiniletea ramani iliyoachwa nyeupe mahali fulani namuuliza, una hakika hapa hapakai mtu? Wananiona mkorofi. Wana haki.

Bibi alifariki miaka mitatu iliyopita. Tulimzika makaburi ya Chimala, kwenye mstari, kati ya watu tusiowafahamu. Wageni walipoondoka nilibaki na Baba uani. Amezeeka, na mgongo ule wa jaruba haujanyooka tena. Nilimkumbusha ile siku ya ungo, nikicheka kidogo, nikamwambia Bibi alikuwa jasiri, alifurahi minyaa ilipokatwa.

Baba alinitazama. "Alifurahi?" akasema.

Ndipo aliponieleza. Kila mwaka Bibi alikuwa anamwomba jambo moja, kwamba akikaribia kufa ampeleke hata kwa kuiba, akalazwe zizini kwa mumewe. Baba alikuwa amemwahidi. Ndiyo maana aliirudisha ile fomu mezani, ndiyo maana alikuwa akisema ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu: hakutaka jicho la mtu yeyote lituangukie sisi na ile minyaa. Uwanda ule ni sawasawa kila upande. Bila minyaa hata yeye mwenyewe asingepaona. Usiku ule, nikiwa nimelala na ushindi wangu, Bibi alikuja mlangoni kwake, akakaa chini, akamuuliza, "Sasa utanipeleka wapi?" Akalia mpaka jogoo wa kwanza. Asubuhi aliosha uso akanipikia uji.

Nilimwomba msamaha. Alisema hana cha kunisamehe, nilichosema kilikuwa kweli, ila kweli ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mimi.

Nimelifikiria neno hilo kwa miaka mitatu, na leo nimelifikiria tena mpaka chai imekuwa baridi. Nimeumia, sifichi. Ningejua, ningetupa unga kimyakimya na kurudi kwenye basi. Lakini usinitegemee nikuambie kwamba kunyamaza ndiyo hekima, kwa sababu mwenye haki ya kuniambia hivyo alikuwa mtu mmoja tu, Bibi, na jioni ile alikuwa na nafasi yake. Mbele yake palikuwa na vitu viwili, kaburi la mumewe na mdomo wa mjukuu wake. Cha kwanza kilikuwa kimeshapotea. Aliamua asipoteze na cha pili.

Ndiyo maana mpaka leo sinyamazi.